Lubumbashi ipime joto na baridi kwa kipimo chake yenyewe

Katikati ya mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, tarafa za Katuba, Kenya na Ruashi huamka ndani ya moshi. Kwenye kila lupango kuna mbabula inayowashwa, mtoto aliyejifunga bulangeti, na wewa mwenye makoti mawili anayepuliza vidole kabla ya kushika pikipiki yake. Miezi mitatu baadaye, saa nane mchana, nyumba zilezile zinachemka chini ya mabati. Muuza mboga sokoni anamwagia lengalenga maji kila nusu saa ili isinyauke, na fundi wa ujenzi anaacha kazi mapema kwa sababu kichwa kinamuuma.

Wakaaji wa Lubumbashi wanajua mambo hayo mawili vizuri. Lakini uliza swali moja tu: mwaka huu, ni siku zipi zilikuwa mbaya zaidi, na zilikuwa mbaya kwa kiasi gani? Kila mtu atajibu kwa kumbukumbu yake. Mmoja atataja juma alilougua mtoto wake, mwingine usiku umeme ulipokatika. Jibu lenye namba, lililotolewa na mji wenyewe kwa ajili ya wakaaji wake, ni vigumu kulipata. Hapo ndipo lilipo tatizo. Mji usiopima ukali wa joto na baridi yake hauwezi kumlinda mtu yeyote dhidi ya hali hizo, na wagonjwa wake na wafu wake hawaandikwi popote.

Namba ya kwenye simu

Watu wengi watasema kipimo kipo: simu inaonyesha digrii. Ni kweli inaonyesha, ila namba hiyo mara nyingi haikusomwa kwenye kipimajoto chochote cha Lubumbashi. Ni makadirio ya kompyuta, yanayochanganya picha za satelaiti, vipimo vya mbali na hesabu za mwendo wa hewa. Hifadhi ya takwimu inayotumiwa sana na wataalamu duniani, ERA5 ya Ulaya, inarudi nyuma hadi mwaka 1940, lakini inagawa dunia katika miraba yenye upande wa kilometa 31 hivi. Ndani ya mraba mmoja wa namna hiyo, bonde la mto Kafubu, lami ya katikati ya mji na mabati ya Kamalondo vinaweza kupewa namba moja.

Vipimo vinavyochukuliwa kwenye uwanja wa ndege wa Luano ni vya kweli na ni vya lazima. Lakini uwanja wa ndege ni mahali peupe, penye upepo, na kazi yake ya kwanza ni usalama wa ndege. Mtoto anayelala kwenye chumba cha matofali mabichi chenye dirisha dogo haishi Luano.

Ukali hauna namba moja kwa dunia nzima

Kosa la pili ni kuazima vipimo vya watu wengine. Huko Paris, onyo la joto huangalia wastani wa siku tatu: mchana ufike digrii 31 na usiku usishuke chini ya 21. Nchini India, kwenye nchi tambarare, hawaanzi kuzungumza juu ya wimbi la joto kabla kipimo hakijafika 40. Nchini Uingereza inatosha siku tatu mfululizo za digrii kati ya 25 na 28, kulingana na eneo.

Sasa chukua kanuni hizo uzilete Lubumbashi, mji ulio juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, ambako mchana wa Septemba na Oktoba hufika kwa kawaida digrii 31 hadi 33. Kwa kanuni ya Uingereza, mji mzima ungekuwa kwenye hali ya hatari kwa angalau miezi miwili kila mwaka, na baada ya juma moja hakuna ambaye angesikiliza tena. Kwa kanuni ya India, joto kali lisingetokea. Kwa kanuni ya Paris pia mji ungeonekana salama, kwa kuwa usiku wa nyanda za juu hupoa, na ni nadra kubaki juu ya 21. Kanuni tatu, mji mmoja, na majibu matatu yasiyomsaidia mkaaji wa Kampemba.

Baridi ni vilevile. Katika Juni na Julai, alfajiri ya Lubumbashi hushuka mara nyingi hadi karibu digrii 7 au 8. Mzungu aliyezoea theluji atacheka akiambiwa hiyo ni baridi. Lakini Mzungu huyo ana nyumba yenye kuta nene, mashine ya kupasha joto na madirisha ya vioo viwili. Digrii 7 nje ya nyumba yake na digrii 7 ndani ya chumba kisicho na dari ni mambo mawili tofauti.

Hata ndani ya Kongo, kipimo kimoja hakitoshi. Siku ya digrii 30 huko Uvira au Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, ni siku ya kawaida. Huko Bukavu, watu wataizungumzia. Kisangani wana unyevunyevu mwaka mzima, na joto lao ni la namna nyingine kabisa. Kwa hiyo onyo moja likitoka Kinshasa kwa nchi nzima, litakuwa kubwa mno kwa wengine na dogo mno kwa wengine.

Jinsi mji unavyoweza kujiwekea mstari wake

Wataalamu wa hali ya hewa walikwisha kupata njia, na haihitaji akili ya ajabu. Chukua tarehe moja, kwa mfano 10 Julai. Ongeza siku mbili kabla na siku mbili baada yake, upate siku tano. Kusanya kiwango cha chini cha kila siku kati ya hizo kwa miaka 30. Tano mara thelathini ni namba 150. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa. Zile 15 za mwanzo ndizo baridi isiyo ya kawaida kwa tarehe hiyo, na pale zinapoishia ndipo unapochora mstari. Kwa joto la mchana fanya hivyohivyo kutoka upande wa juu. Kisha rudia kwa kila tarehe ya mwaka.

Faida ya hesabu hiyo ni kwamba mji unajilinganisha na wenyewe. Mstari wa Julai hautakuwa sawa na wa Oktoba, na wa Lubumbashi hautakuwa sawa na wa Kalemie. Kipimo kinauliza jambo moja: je, leo ni tofauti na kile ambacho miili ya watu wa hapa, nyumba zao na mashamba yao vimezoea?

Baada ya mstari, zinahesabiwa siku. Usiku mmoja wa baridi kali hupita. Ni mfululizo unaomaliza nguvu za mtu, kwa sababu kuta hazipati nafasi ya kupata joto tena, makala yanaisha, na mwili hauna muda wa kupumzika. Kisha zinajumlishwa digrii zilizopita mstari. Chukulia joto la siku tatu, kila siku likipita mstari kwa digrii 4: jumla ni 12. Chukulia lingine la siku nane, kila siku digrii 2 tu juu ya mstari: jumla ni 16. La kwanza litasemwa sana kwa sababu siku zake zilikuwa kali. La pili, ambalo halikushangaza mtu, linaweza kuwa lilichosha watu zaidi. Bila hesabu, hakuna atakayejua.

Wataalamu wa Australia waliongeza jambo la tatu: mazoea. Kipimo chao kinalinganisha siku tatu za sasa na siku 30 zilizotangulia, kwa kuwa mwili huhitaji muda kuzoea. Jambo hilo linaigusa Lubumbashi moja kwa moja. Mji huu hutoka kwenye alfajiri za makoti na kuingia kwenye michana ya jasho kwa majuma machache tu, kati ya Agosti na Septemba, na ndipo muhula mpya wa shule unapoanza. Joto la kwanza la Septemba, hata kama namba yake ni ndogo kuliko ya Oktoba, huwakuta watu hawajajiandaa.

Baridi inayosahauliwa

Mazungumzo ya dunia juu ya hali ya hewa siku hizi ni ya joto, na kuna sababu. Lakini Lubumbashi haina ruhusa ya kusahau baridi. Mwaka 2015, jarida la waganga The Lancet lilichapisha uchunguzi wa vifo zaidi ya milioni 74 katika nchi 13. Baridi ilihusishwa na asilimia 7.29 ya vifo hivyo, na joto asilimia 0.42. Thailand na Brazil, nchi za joto, zilikuwemo kwenye orodha. Sehemu kubwa ya vifo hivyo haikutokana na siku za ajabu, ilitokana na baridi ya wastani ambayo watu wanaiona kuwa ya kawaida.

Kati ya nchi hizo 13, hakuna hata moja ya Afrika. Sababu ni rahisi: ili kufanya hesabu hiyo, lazima uwe na daftari la vifo la kila siku na daftari la joto la kila siku kutoka mahali palepale.

Mtu anayetaka kujua baridi ya mwezi wa saba inagusa akina nani aende kwenye familia yenye mtoto wa anemia SS. Baridi ni moja ya mambo yanayojulikana kuamsha maumivu makali ya ugonjwa huo, kwa kuwa mishipa ya damu hujikaza na chembe zilizopinda hukwama. Wazazi wake wanajua kwamba Juni na Julai ni miezi ya hofu. Onyo la siku mbili kabla lingewapa nafasi ya kuandaa nguo nzito, maji ya kunywa ya kutosha na dawa za maumivu, na kupanga usafiri wa kwenda hospitali.

Kuna pia watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wazee, na watu wa kifua. Na kuna hatari inayotengenezwa na baridi yenyewe: mbabula inayoingizwa chumbani usiku na mlango kufungwa. Hewa ya sumu ya makala haina rangi wala harufu, na anayelala hasikii anapozidiwa. Kila mwaka ujumbe juu ya jambo hilo unapaswa kutolewa tena, na siku ya kuutoa ni ile ambayo kipimo kinasema usiku wa leo utavuka mstari. Ukitolewa wakati wowote tu, unakuwa kelele.

Wakulima wa mboga kandokando ya mito ya mji nao wana hesabu yao. Hewa baridi ni nzito, huteremka na kukaa mabondeni, palepale yalipo majaruba. Usiku mmoja unatosha kuunguza majani ya nyanya na maharagwe. Namba ya Luano haitamwambia mkulima huyo kilichotokea bondeni kwake.

Kisichohesabiwa hakilii

Mwaka 2020, watafiti Luke Harrington na Friederike Otto waliangalia orodha ya maafa ya EM-DAT, inayotunzwa nchini Ubelgiji na kutumiwa na mashirika mengi ya dunia. Kwa Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara, tangu mwaka 1900, walikuta mawimbi ya joto mawili tu yameandikwa, na vifo 71. Ulaya, majira ya joto ya mwaka 2003 peke yake yalihesabiwa kuua watu zaidi ya 70,000.

Hakuna mtu mwenye akili atakayeamini kwamba bara hili limeteseka mara mbili tu kwa zaidi ya miaka mia. Orodha inaonyesha nani anapima na nani hapimi. Na orodha hiyo ina nguvu: wanaogawa misaada na mikopo ya mabadiliko ya hali ya hewa huangalia takwimu. Nchi isiyo na takwimu hufika kwenye meza hiyo ikiwa na maneno peke yake.

Mfano wa kinyume uko Mali. Tarehe 3 Aprili 2024, kipimo cha Kayes kilifika digrii 48.5. Huko Bamako, hospitali ya Gabriel Touré ilitangaza vifo 102 katika siku nne za kwanza za mwezi huo, wakati Aprili yote ya 2023 ilikuwa na vifo 130. Namba hizo mbili zilipowekwa pamoja, dunia ilielewa mara moja, na kabla ya mwezi kuisha wanasayansi walikuwa wametoa uchunguzi. Hospitali hiyo iliweza kusema hivyo kwa sababu moja tu: ilikuwa inajua mwezi wa kawaida unafananaje.

Sudan Kusini, mwezi wa tatu mwaka huohuo, serikali ilifunga shule kwa kuhofia joto la hadi digrii 45. Mtu anaweza kubishana na uamuzi huo, lakini ulikuwa uamuzi, na ulitokana na kipimo.

Mji huu uliwahi kupima

Katanga haianzi kutoka sifuri. Wakati wa ukoloni, taasisi ya utafiti wa kilimo INEAC ilikuwa na kituo chake Keyberg, karibu na mji. Vipimo vya vituo vingi vya Kongo vilimwezesha Franz Bultot kutayarisha atlasi ya hali ya hewa ya bonde la Kongo, iliyotolewa katika miaka ya 1970. Kazi hiyo ilifanywa kwa faida ya mashamba na migodi ya wakoloni, na afya ya mtu mweusi haikuwa mbele. Hata hivyo inathibitisha kwamba jambo hili linawezekana kwa kipimajoto, kalamu na mtu anayeamka kila siku saa ileile.

Leo mji wa mamilioni umesimama mahali palipokuwa na kambi za wafanyakazi, na msitu wa miombo unaouzunguka umekatwa kwa ajili ya makala mwaka hadi mwaka. Mstari uliochorwa kwa hesabu za zamani hauwezi kutumika bila kurekebishwa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina watu wa jiografia, kilimo na afya ya jamii wanaoweza kufanya hesabu hiyo. Wakala wa taifa wa hali ya hewa, METTELSAT, una jukumu hilo kisheria. Kinachokosekana ni kuwakutanisha.

Wanaosema kuna mambo makubwa zaidi

Wapo watakaosema: inchi ina vita mashariki, barabara mbovu, maji ya bomba hayafiki kila mtaa, umeme unakatika, na sasa watu wanataka kununua vipimajoto? Hoja hiyo ina uzito. Kipimajoto hakimpi mtu bulangeti, wala hakiondoi bati juu ya kichwa chake.

Lakini gharama yenyewe iangaliwe. Kipimajoto cha kiwango cha juu na cha chini, kilichowekwa ndani ya sanduku jeupe la mbao lenye matundu, kwenye urefu wa mita moja na nusu juu ya majani, ni kitu ambacho shule inaweza kukimudu. Mradi wa TAHMO umekuwa ukiweka vituo vya hali ya hewa kwenye shule katika nchi kadhaa za Afrika kwa wazo hilohilo: shule ina uzio, ina mlinzi, na ina wanafunzi watakaojifunza kwa kusoma kipimo. Shule moja kwa kila tarafa kati ya saba za Lubumbashi ingetosha kuanzia.

Na tatizo la umeme au maji ndilo linaloongeza haja ya kupima. Mji tajiri unaweza kukosea utabiri na bado watu wakawasha mashine zao. Mji ambao nyumba ndiyo kinga pekee unahitaji kuambiwa mapema.

Wengine watasema joto na baridi ni kazi ya Mungu, na mababu waliishi nazo. Mvua pia ni kazi ya Mungu, na mababu waliifuatilia kwa makini sana: walijua upepo upi unaileta na mti upi unachipua kabla yake. Kupima ni kuendeleza uangalifu huohuo.

Kinachotakiwa kufanyika

Mambo matatu yanaweza kuanza kabla ya kiangazi kijacho. La kwanza, kiwango cha juu na cha chini cha kila siku kitangazwe, kwa jina la mahali kilipochukuliwa, kwenye redio za mji, kwa Kiswahili na Kifaransa. La pili, chuo kikuu na METTELSAT wachore mistari ya Lubumbashi kwa kila tarehe, hata kama kwa mwanzo watategemea makadirio ya satelaiti yaliyosahihishwa kwa vipimo vya hapa, na waipange hatari katika ngazi tatu ambazo kila mtu ataelewa. La tatu, maeneo ya afya yahesabu kila siku wagonjwa na vifo, na daftari hilo liwekwe kando ya daftari la joto. Bila daftari la tatu, mawili ya kwanza yatabaki habari za redio.

Kisha kila ngazi iwe na kazi yake. Ngazi fulani ya baridi, shule zianze saa moja baadaye. Ngazi fulani ya joto, kazi za nje za mchana zisimame na maji yapatikane masokoni. Liwali wa jimbo na meya hawahitaji sheria mpya kwa hayo. Wanahitaji namba ya kuegemea, ili uamuzi usionekane kuwa wa kubahatisha.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lubumbashi haijaficha maradhi yake kwa makusudi, haijayapima tu. Lakini kwa mtoto anayekoroma kwa nimonia mwezi wa saba, au mzee anayezimia kwenye foleni ya maji mwezi wa kumi, tofauti hiyo ni ndogo. Mwaka ujao baridi itarudi, na baada yake joto. Swali ni kama safari hii mtu atakuwa amesimama mbele ya kipimajoto akiwa na kalamu mkononi.